Baba Félix Kabamba, Mukalisha Watu wa Mashine Tano

Kiisha miaka kumi na minane na miezi minane ya kukalisha watu kwa viti vya Parke Raha ya Mweru, hapa Nchelenge, Baba Félix Kabamba anaweka filimbi chini siku ya Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi kamili. Siku tatu kiisha pale uvuvi unafungwa, na samaki nao wanapumzika. Kuna mawaziri wengi walistaafu bila ziwa zima kupumzika pamoja nao.

Wasifu huu umeandikwa na mimi, Djo, fundi wa mashine. Wakubwa hawakunichagua kwa upendeleo. Kwa parke nzima ni mimi peke yangu niliyefika Lubumbashi, Ndola na Johannesburg. Dar es Salaam nilipita tu, lakini niliiona. Masomo yangu yalisimama mwaka wa pili wa sekondari, siku mwalimu alichoka na maswali yangu. Mukikuta kosa la kuandika, ni kompyuta ya biro, ofisi ya wakubwa, si mimi.

Baba Félix alizaliwa ngambo ya ziwa, Pweto ya Kongo, kwa baba fundi wa mitumbwi. Mwezi wa tatu mwaka 2007 alivuka ziwa na mafurushi kumi na saba ya samaki wakavu, mupango wake ukiwa kukaa Zambia wiki mbili. Mvua ikapiga mafurushi siku nne bila kupumua. Siku ya tano Baba Félix hakuwa tena mufanyabiashara. Alikuwa mutu mwenye harufu. Bwana Chisala, mwenye parke, alimukuta kandokando ya maji akipanga wamama waliokuwa wanapigania nafasi ndani ya boti. Aliwapanga wote, bila kumutukana hata mumoja. Bwana Chisala ni mutu wa kusema kidogo. Alimuambia tu, na heshima ya Kibemba, "Ba Kabamba, mukwai, kesho saa moja." Ile kesho imedumu mpaka leo.

Kwa wale ambao hawajafika kwetu: mashine yetu ni vigari vinavyofungana kama treni. Vinapanda reli polepole mpaka juu, kiisha vinaanguka mbio, vinapinda, na mutu anakumbuka zambi zake zote kwa majina. Wafaransa wanaita milima ya Kirusi. Sisi tunasema montani. Montani moja inabeba watu kumi na wawili, wawili wawili kwa benchi. Kazi ya Baba Félix ilikuwa kukata foleni wawili wawili, kuwakalisha, kufunga chuma juu ya magoti yao, na kupiga filimbi. Filimbi ikilia, mimi fundi napeleka. Bwana Chisala alikuwa na sheria moja: hakuna kiti kinachoondoka bure.

Kila mugeni aliyeogopa, Baba Félix alimutuliza na maneno yaleyale: "Hapana woga, mukwai. Ni sawa na kukaa kwa benchi ya kanisa." Mwaka 2015 umeme ulikatika na Mufalme, mashine yetu ya tatu, ikasimama juu kabisa na kwaya nzima ya vijana ndani yake. Mimi nilikimbia kuamusha jenereta, ambayo kwa bahati mbaya ililala usingizi wa kweli. Baba Félix alibaki chini, akaweka mikono kwa kinywa, akaagiza wimbo. Walimaliza nyimbo sita na ubeti mumoja wa wimbo wa saba. Waliposhuka, mwalimu wa kwaya alisema sauti ya pili haijawahi kutoka safi namna ile, akauliza kama anaweza kuwaleta tena siku umeme hakuna.

Lakini wasifu wa kweli hauruki mabaya. Kwa miaka kumi na miwili wageni wetu walikuwa wanarudi nyumbani na sura ya mutu aliyepewa bukari, ule ugali wetu, bila mboga. Walifika na furaha, walipanda, walishuka, walinyoosha nguo, wakaenda, na wengi hatukuwaona tena. Bwana Chisala akafikiri: mashine ni kidogo. Akaongeza ya pili, Radi. Sura zikabaki zile zile. Akaongeza Mufalme. Akaongeza Satelite. Mwaka 2018 akaleta ya tano, Hukumu, yenye kona kali kuliko zote. Didier, muchora vibao wetu, aliizungushia ndimi za moto kwa rangi nyekundu. Wachungaji wawili wakaja kulalamika, wakapanda, wakalalamika tena.

Muzungu mumoja wa shirika alizihesabu mashine zetu kwa kidole, akaandika tano kwa daftari lake, akakaa nusu saa, akaenda. Kwa Johannesburg niliingia parke moja yenye montani tisa, na mulangoni watu walitoka na sura kama za kwetu. Kwa hiyo nilijua tangu zamani kama reli nyingi hazinunui cheko. Hakuna aliyeniuliza. Bwana Chisala aliweka kisanduku cha malalamiko pa mulango, akakifungua kila mwisho wa mwezi. Kwa miaka yote kilitoa vifungo vya shati vitatu, jino la mutoto, na barua moja inayosifu fundi wa mashine, ambayo mwandiko wake watu wabaya walisema wanaujua.

Jibu lilikuja siku ya Jumatatu ya Pasaka, mwaka 2019, na lilikuja kwa mikono ya Baba Félix mwenyewe.

Siku ile walifika Mama Mathilde na watu wake. Mama Mathilde ni mukubwa wa kwaya ya wamama kule Mantapala, kambi ya wakimbizi. Alivuka ziwa mwaka 2017 wakati wa vita ya Kongo, akalala Kenani, kambi ya mapokezi, chini ya hema miezi na miezi, na leo shamba lake la muhogo linawashinda wanaume watatu. Alikuja na binti yake Sagesse, ambaye alikuwa na miezi minne tu ya ndoa, na mume wa Sagesse, Parfait, kijana mupole anayeuza chumvi na samaki kule Mununga.

Hapa wasomaji wa mbali wasikilize vizuri. Kwetu, pande zote mbili za ziwa, mwanaume hamukaribii mama mukwe. Wakikutana njiani, mukwe anaingia majani. Hawali pamoja, hawashikani mukono, mpaka siku wazee wanamuingiza mukwe kwa sherehe: anapikiwa, anafunuliwa sahani moja moja, anaambiwa sasa wewe ni mutoto wa nyumba. Parfait alikuwa hajaingizwa bado. Kwa foleni ya Hukumu alisimama na adabu yote, yeye na muke wake nyuma, Mama Mathilde mbele kabisa, na watu wanane katikati, wote wawili wawili.

Sagesse akaogopa dakika ya mwisho, akatoka kwa foleni. Parfait akabaki mumoja. Kule mbele, pembeni ya Mama Mathilde, kulikuwa kiti kimoja bure. Baba Félix aliona kiti, akamuona mwanaume, na sheria ya Bwana Chisala ikasema ndani ya kichwa chake. "Weye kijana wa shati ya bluu, kuja hapa." Parfait alitikisa kichwa. Alionyesha tumbo kama mugonjwa, alionyesha mbingu kama mvua inakuja. Foleni ikaanza kupiga kelele: "Panda, bwana, unatuchelewesha." Akapanda. Alikaa kwa nusu tako, ncha ya benchi, akitazama viatu vyake. Mama Mathilde alitazama ziwa.

Hukumu ina kona mbili. Ya kwanza inamutupa wa kushoto juu ya wa kuume, ya pili inarudisha deni. Kwa kona ya kwanza Mama Mathilde alimufikia Parfait na mwili wote, na vitenge vyake viwili. Kwa kona ya pili Parfait alikwenda upande ule macho yamefungwa, mikono ikitafuta kitu cha kushika. Kitu kilichopatikana kilikuwa shingo ya mama mukwe. Aliishika mpaka mwisho wa reli. Foleni yote iliona.

Treni iliposimama, Parfait alishuka upande usio na mulango, akaruka seng'enge, akapata gari ya Mununga akiwa na kiatu kimoja. Sagesse alibaki amesimama na kile cha pili. Mama Mathilde alimushika binti yake mukono, wakarudi Mantapala.

Kiisha wiki moja habari zikatufikia. Parfait hatoki tena mu nyumba ila kwenda kuuza chumvi, tena anauza akitazama chini. Sagesse yuko kwa mama yake. Muzee Camille, kaka ya Mama Mathilde, amesema mukwe ameingia nyumba kabla ya kufunguliwa mulango, na mukwe asiyeweza kuja kusimama mbele ya wazee hana muke. Amemupa mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Pale ndoa imekwisha.

Baba Félix aliposikia, alivua filimbi kwa shingo, akaiweka juu ya meza ya Bwana Chisala. Alisema, "Patron, mutu aliyevunja nyumba ya watu hawezi kukalisha watu. Nikitengeneza, nitarudi. Nikishindwa, muandike mwingine." Muke wake, Mama Angèle, ambaye anauza vitumbua mulangoni, alimuuliza kama kuku watakula filimbi. Lakini alimufungia vitumbua kumi vya njia.

Kwanza alikwenda Mantapala. Mama Mathilde hakumufukuza. Alimupa kiti, akaendelea kumenya muhogo. Baba Félix alisema kosa ni lake, si la Parfait. Mama Mathilde akamujibu kama kosa lake anajua, hata kuku wa hapa wanajua. Majirani wakaanza kusogea, maana mugeni wa kuomba musamaha hatazamwi na mutu mumoja. Na pale, mbele ya ule muhogo, Baba Félix akapata kile ambacho kisanduku cha Bwana Chisala kilikosa miaka yote.

Mama Yolande, jirani, alisema naye alikalishwa pembeni ya kaka mukubwa wa mume wake, akapiga kelele ndani ya sikio lake, na mpaka leo wakikutana kanisani anapita mulango wa nyuma. Mwalimu muzee alisema alibanwa pamoja na mwanafunzi wake. Aliita mama yake juu ya ile kona, na kesho yake darasa lote likamupokea na neno lile lile. Mama Orpha yeye hapandi, magoti hayataki. Alikuja kuona wajukuu wakilia juu, akaambiwa asiyepanda abaki inje ya mulango, akasimama mu jua tangu saa tatu mpaka saa tisa, akitazama barabara.

"Sasa mbona hamukusema?" Baba Félix aliuliza.

"Tuseme nini?" Mama Yolande alimujibu. "Niandike haya yangu kwa karatasi, nitie mu kisanduku, Chisala ayisome na sauti?"

"Sisi hatukuja kupanda chuma, baba," Mama Orpha alisema. "Tulikuja kuonana. Weye unatukata kama sabuni, kipande hapa, kipande pale. Hata siku moja hukuuliza nani ni nani."

Baba Félix alitoka Mantapala akienda Mununga, njia mbaya, juu ya magunia ya mahindi. Alimukuta Parfait soko la samaki, nyuma ya chumvi yake, amekonda.

"Nilishika shingo, Baba Félix," Parfait alisema. "Kama ingekuwa mukono, tungesema ni bahati mbaya. Shingo, baba."

"Ni mimi nilikukalisha. Nitasema vile mbele ya wazee wote."

"Weye utasema, watu watanitazama mimi." Kiisha akauliza kama Sagesse anakula vizuri. Baba Félix alisema anakula kidogo, na kila asubui anapangusa kile kiatu. Parfait alipima chumvi ya mama mumoja mara tatu bila kumaliza.

Baba Félix alirudi Mantapala, akaenda tena Mununga, akarudi tena. Mara ya nne Mama Mathilde akatoa sharti lake. Alisema, "Weye ndiye ulitukalisha. Sasa weye ukae. Ile mashine, ile benchi, na sisi wote tukuone. Nikiisha kuona sura yako pale juu, nitajua kama nimusamehe nani."

Hapa inafaa niseme siri ambayo Baba Félix aliificha miaka kumi na miwili, na mimi peke yangu niliijua kwa sababu ya akili yangu. Hakuwa amepanda montani hata siku moja. Aliyewaambia maelfu ya watu kama ni sawa na benchi ya kanisa alikuwa anaogopa hata ngazi ya biro. Tulipomuuliza, alijibu, "Nikipanda, nani atapiga filimbi?" Jibu lile lilitosha kila mutu.

Siku ya mwisho ilibaki wiki moja tu. Jumamosi tarehe 22 mwezi wa sita, wote walifika: Muzee Camille na wazee wawili, Mama Mathilde, Sagesse, majirani wa Mantapala gari zima. Parfait alikuja na wajomba wake wa Mununga, akasimama mbali, mwavuli wa jua mukononi, karibu na seng'enge kama mutu anayejua njia. Bwana Chisala alimurudishia Baba Félix filimbi yake. Baba Félix aliitia kinywani, akakaa kwa benchi ile, mumoja, akafunga chuma juu ya magoti yake mwenyewe, akapiga. Nikapeleka.

Kile kilichofuata, mimi sina kosa ndani yake. Baba Félix alisahau kutoa filimbi kinywani. Pale juu alipofungua roho yake kupiga kelele, haikutoka kelele, ilitoka filimbi. Kona ya kwanza, filimbi. Kona ya pili, filimbi ndefu ya huruma. Treni ikarudi pa mwanzo ikiwa inalia filimbi, na kwa kazi yetu filimbi ikilia fundi anapeleka. Nikapeleka. Akalia zaidi, nikapeleka tena. Alizunguka mara nne. Alikuwa anaamrisha mateso yake mwenyewe, na mimi ni mutu wa kutii. Soko la pembeni lilisimamisha biashara. Mara ya tatu kofia ilianguka, mara ya nne alipita akitupungia mikono miwili, nasi tukamupungia.

Mama Mathilde alianza kucheka mara ya pili. Mara ya tatu alikuwa ameshika tumbo. Mara ya nne cheko lilimupindisha, akaanza kuanguka upande, na aliyekuwa karibu, maana watu wote walikuwa wamesukumana kuona, alikuwa Parfait. Cheko likakauka. Sagesse alifunika kinywa. Parfait alifungua mikono, akaifunga. Kiisha akanyoosha mwavuli wake, yeye akishika mupini, ncha ikielekea kwa mama mukwe, uso ameugeuzia ziwa. Mama Mathilde akashika ncha, akasimama. Walibaki vile, mumoja huku, mumoja kule, mwavuli katikati, na mabega ya Parfait yakaanza kutikisika na cheko, kwa sababu Baba Félix alikuwa anapiga filimbi tena.

Muzee Camille alitazama ule mwavuli, ncha mpaka mupini. Akasema, "Mutu mwenye adabu ya namna hii munamuacha inje kwa nini? Wapike."

Wiki ile ile walimuingiza Parfait. Baba Félix alileta jogoo wa kosa lake, Mama Angèle akaja kusaidia kupika, sahani zikafunuliwa moja moja, na mukwe akala mbele ya mama mukwe wake. Siku ya Jumapili Sagesse alirudi Mununga na mume wake, na viatu viwili.

Siku ya Jumatatu Baba Félix alirudi kazini na kazi mupya. Tangu pale hajakalisha mutu bila kumuuliza kwanza: "Muko nani kwa nani?" Anawasikiliza, anawapanga. Bibi na mujukuu, ndiyo. Mukwe na mukwe, benchi tatu katikati. Kama hesabu inakataa na kiti kinabaki, Baba Félix anakaa yeye, ukuta wa nyama, macho yamefungwa, filimbi mufukoni. Bwana Chisala aliuza Satelite na Radi, akanunua mabati ya kivuli na mabenchi yanayotazama reli, na asiyepanda akaruhusiwa kuingia. Leo tuna mashine tatu, na Pasaka ya mwaka huu watu walikuja tangu Chienge na Kaputa, wakabaki mpaka jua likashuka, wengi bila kupanda kitu. Mama Orpha ana benchi yake. Mutu akishuka analia, yeye ndiye wa kwanza kumuigiza.

Baba Félix, wafanyakazi wote wa Parke Raha ya Mweru tunakuambia asante. Asante kwa kwaya, kwa uvumilivu, kwa kutufundisha kuuliza. Wasomaji wajue kama Baba Félix na Mama Angèle hawabaki Nchelenge. Wanahamia Mununga, ndani ya nyumba ya vyumba viwili ambayo Parfait na Sagesse waliwajengea kwa kiwanja chao wenyewe, mulango kwa mulango. Mama Mathilde alileta majani ya kuezeka kutoka Mantapala. Bati ilikuwepo, lakini alikataa. Alisema juu ya bati mvua inapiga kelele, na mutu huyu amesikia kelele za kutosha.

Nenda, baba. Nyumba uliyokaribia kuvunja imekujengea nyumba. Ukae ndani yake miaka mingi, wewe na mama, na magoti mazima, na usingizi muzito, na majirani wa kukuamusha wakati chai iko tayari.